Kodi ya nyumba, tupeane uzoefu: notisi ilikushtua? Ulifanyaje?

mama_wawili
Habari zenu wapendwa. Wengi tukihamia kwetu tunajua ndo tumeagana na kodi, kumbe tumeagana na ile ya mwenye nyumba tu, ya jengo, ile ya serikali, inatusubiri. Naanza mimi. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa naangalia namba ya chini kabisa, ile ya kulipa, nalipa, karatasi naweka kwenye droo. Mwaka wa tatu nikakaa nikasoma mstari kwa mstari nakuta nyumba imeandikwa ghorofa 2, wakati nyumba yangu ni ya chini, haina hata ngazi! Nikapiga picha pande zote nne, nikaambatanisha ramani, nikaandika barua. Akaja dada na futi ya kuvuta, mimi nimeshika ncha pale kwenye kona ya jiko yeye anarudi kinyumenyume anaandika kwenye daftari, kazunguka mara mbili hajasema neno. Baadaye notisi ikaja imerekebishwa, ila za nyuma sikurudishiwa, muda wa pingamizi ulishapita. Iliniuma sana. Haya karibuni.

mzee_wa_hati
Pole mama. Mimi nilinunua nyumba ya mtu nikijua deni la muuzaji ni lake mwenyewe. Sehemu nyingi sio hivyo, deni linakaa kwenye nyumba, linamfuata aliyeishika. Miezi minne baadaye naletewa barua ina jina la muuzaji, nampigia hapokei, nikalipa mimi na riba juu. Anayetaka kununua, kabla hujatoa hela nenda ofisi ya kodi mwenyewe uombe karatasi inayoonyesha nyumba haidaiwi, risiti za kutumiwa picha kwenye simu usizitegemee. Na ukishanunua kabadilishe jina mapema, notisi ikiendelea kwenda kwa mtu wa zamani faini inakusomea wewe.

jirani_mwema
Mbona mimi sijaongeza hata tofali na kodi imepanda?

mama_wawili
@jirani_mwema wanaothamini nyumba wanazidisha vitu viwili, thamani waliyoipa nyumba na asilimia. Thamani ikiwa 100 na asilimia ni 1 unalipa 1, wakithamini upya ikawa 130 unalipa 1.3 hata kama hujagusa ukuta. Ile asilimia inapangwa kwa wote, usipoteze muda nayo, pambana na thamani. Ukienda kusema kodi kubwa sina hela watakuonea huruma tu, lakini ukienda na bei za nyumba tatu zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni, hapo mnaongea. Uliza pia kama unatakiwa kulipa wakati pingamizi linasikilizwa, maana kwingi riba haisubiri.

fundi_rangi
Anayepima anahesabu anachokiona, na asiporudi kinabaki hivyo hivyo. Mimi nilibomoa banda la nyuma, mwaka uliofuata bado lipo kwenye karatasi mpaka nilipopeleka taarifa. Uingereza kuanzia 1696 hadi 1851 walikuwa wanatoza kwa idadi ya madirisha, watu wakaziba madirisha kwa matofali, kuna nyumba za zamani mpaka leo unayaona yamezibwa. Kwa hiyo jua watu wa kodi wanakutoza kwa kuhesabu nini.

binti_wa_kwanza
Naomba na mimi niseme la mama yangu. Ana miaka 71, mjane, kalipa kamili miaka yote, hata mwaka aliouza cherehani yake. Juzi ndo nasikia kwetu wazee wana msamaha kwa nyumba wanayoishi, ila hauji wenyewe mpaka uombe. Nikabeba kitambulisho chake na risiti zote mbio mbio, yule kaka wa dirishani akafungua hati akaisoma kisha akaigeuza nione, jina ni la marehemu baba. Kwa hiyo tumerudi kwenye mirathi kwanza ndo tukaombe. Jamani kama mzazi wako mmoja ameshatangulia, angalia hati leo. Na aliyepitia hii naomba aniambie, msamaha ulihesabiwa tangu siku ya kuomba au tangu umri ulipofika?