Tupeane uzoefu: mlivyotoka na familia kutafuta ndege wa porini baridi ikiwa haijaisha

Baba wa Wawili (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Jumapili iliyopita tulitoka watu watano: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 5. Majira ya machipuko ndiyo kwanza yanaanza, miti haijatoa hata jani moja, na asubuhi nyasi bado zimeganda nyeupe. Darubini tulikuwa nayo moja tu kwa watu wote.

Saa nzima tulitembea msituni hatukuona kitu zaidi ya kunguru. Mkubwa akaanza kuuliza tunarudi lini. Mdogo akaanza kulia kwamba vidole vinamuuma. Tukasimama kando ya gogo lililoanguka, mama yake akamvua glavu na kumtia mikono kwapani, ndani ya koti lake mwenyewe. Tukakaa hivyo labda dakika 10 bila mtu kusema neno, kwa sababu sote tulikuwa tunamwangalia mtoto.

Hapo ndipo msitu ulipofunguka. Kwanza ule mgong'oto, mfululizo mmoja mfupi kama mtu anayepitisha fimbo kwenye uzio kwa kasi. Mama mkwe ndiye aliyemwona: kigong'ota, kama mita 15 kutoka tulipo, kwenye tawi kavu. Alikuwa amejiegemeza kwa mkia wake mgumu, ameuchomeka kwenye gome kama mguu wa tatu. Anagonga, anatulia, anageuza kichwa kusikiliza, anagonga tena. Nimesoma baadaye kwamba mgong'oto ule wa mfululizo si wa kutafuta wadudu, ndio wimbo wake. Anatangaza mipaka yake na kuita mwenzi, na anaweza kugonga zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja.

Kisha kikashuka kindege kimoja kidogo kwenye gogo lenyewe, kifua rangi ya chungwa, manyoya kimeyatutumua hadi kimekuwa duara. Mdogo alikiangalia mikono ikiwa bado kwapani mwa mama yake. Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini kilio kilikwisha.

Tangu siku hiyo nawaza kwamba saa nzima tulikuwa tunawafukuza ndege kwa miguu yetu. Tunataka kwenda tena. Wenzangu mliokwisha kutoka na watoto kwenye baridi, mnafanyaje? Tupeane uzoefu.

Mama Mapacha

Asante kwa uzi huu, umenigusa. Nianze na miguu, kwa sababu mtoto akishalowa miguu safari imekwisha. Mwaka wa kwanza niliwavika wanangu soksi za pamba, pea mbili mbili, nikidhani nimewaweza. Pamba ikilowa haina joto tena, na soksi mbili ndani ya kiatu kimoja zilibana miguu hadi damu haitembei vizuri. Siku hizi ni soksi moja ya sufu, kiatu chenye nafasi, na pea ya akiba mfukoni mwangu. Mfukoni, siyo kwenye begi, ili ziwe na joto ninapozitoa.

Jambo la pili nililijua kwa uchungu. Nilimbeba mmoja mgongoni kwa sababu alichoka. Mimi natembea, natoka jasho, nikaona hali ya hewa imekuwa nzuri. Nilipomshusha midomo ilikuwa imebadilika rangi. Anayebebwa hatembei, kwa hiyo mwili wake hautengenezi joto kama wako. Nililia siku ile. Sasa anayebebwa anavaa nguo moja zaidi ya anayetembea, na kila baada ya dakika chache namgusa shingo, maana mikono inadanganya.

Mzee wa Ziwani

Mimi nawashauri waanzie majini. Mwanzoni mwa machipuko sehemu kubwa ya ziwa inaweza kuwa bado na barafu, kwa hiyo mabata na wenzao wanajazana pale palipo wazi. Mtoto hahitaji hata darubini.

Nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka 7. Akamwona bata bukini amesimama juu ya barafu kwa mguu mmoja, mwingine kaukunja tumboni. Akaniuliza, "Babu, mbona miguu yake haigandi na hana viatu?" Nikamweleza: damu ya moto inayoshuka mguuni hupita bega kwa bega na damu ya baridi inayopanda. Ile ya moto inaipasha inayorudi, kwa hiyo joto linabaki mwilini, na kwenye nyayo inafika damu ya baridi, ya kutosha tu mguu usigande. Akavua glavu, akashika kifundo cha mkono wake kwa muda mrefu, anatafuta mishipa yake.

Lakini nisikilizeni kwa hili. Nilipogeuza shingo kuangalia kundi jingine, kijana alikuwa tayari ameweka mguu mmoja juu ya barafu amfuate yule bata. Nilimshika kwenye kofia ya koti. Barafu ya wakati huu hata ikiwa nene ni dhaifu, imeoza kwa ndani kwa kuyeyuka mchana na kuganda usiku. Kuona ndege amesimama juu yake hakuna maana kwamba itambeba mtu. Ukiwa na watoto ufukweni, mtu mzima mmoja asiangalie ndege kabisa. Kazi yake ni watoto. Mnapokezana.

Msikilizaji

Naomba niongezee upande wa simu, maana niliwahi kukosea. Nilikuwa na sauti za ndege kwenye simu. Binti yangu alitaka kumwona dume mmoja aliyekuwa akiimba kichakani, nikampigia sauti ya aina yake. Alitoka mara moja, kweli, tukamwona vizuri. Ila hakurudi kuimba. Alikuwa anaruka tawi hadi tawi akimtafuta mvamizi ambaye hayupo. Tuliondoka bado anatafuta. Binti akaniambia, "Baba, tumemdanganya." Sikuwa na jibu.

Wakati huu dume ana mambo mawili tu: kulinda eneo na kula kidogo kinachopatikana. Kila dakika anayopoteza kwa simu yangu ni chakula ambacho hakukitafuta, na usiku bado ni wa baridi kali. Siku hizi natumia programu ya kusikiliza tu. Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na inakutajia ndege anayeimba. Hata hivyo tuna sheria nyumbani: kwanza kila mtu aseme amesikia nini, ndipo simu itoke mfukoni. Na simu ikae karibu na mwili, baridi inamaliza chaji haraka.

Mama Mapacha

Msikilizaji, huyo binti yako ana moyo. Mpe salamu.

Mngoja Mbayuwayu

Sisi huwa tunatoka kumngoja mmoja tu. Kila mwaka, tangu machipuko yaanze, tunakwenda kwenye ghala moja la zamani ambako mbayuwayu hujenga, tunaangalia kama amefika. Mara nyingi hayupo, tunarudi na baridi yetu.

Mwaka jana alifika tukiwa palepale. Alipita chini sana juu ya majani, akapinda, akaingia kwenye upenyo wa mlango bila kupunguza mwendo. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na hao wanaozaliana Ulaya baadhi yao wametoka kusini mwa Afrika, safari ya kilomita kama 10,000. Zamani hata wasomi wa huko waliamini mbayuwayu hujificha chini ya matope majira ya baridi. Moja ya vitu vilivyosaidia kuwafumbua macho ni korongo mweupe aliyepatikana mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Afrika umepita shingoni. Alikuwa amerudi nao, akiruka. Wamemhifadhi hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock.

Nilimsimulia mwanangu pale pale. Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kuelekea mlangoni: "Pole na safari."

Mzee wa Ziwani

Mwenyezi Mungu akukuzie huyo mtoto.

Mwalimu wa Darubini

Kuhusu darubini kwa mtoto wa miaka 9: ile iliyoandikwa 8x42 inatosha, maana yake inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ni milimita 42. Inayokuza mara 10 inatetemeka mno kwenye mikono yenye baridi. Mfundishe amkazie ndege macho, asishushe uso, darubini ndiyo ipande kufuata macho. Wa miaka 5 mpe kazi ya masikio. Na msitoke alfajiri sana na wadogo. Saa 3 asubuhi, ukingo wa msitu unaoota jua, wadudu wanaanza kujitikisa na ndege wanawafuata huko.

Baba wa Wawili

Nimeyaandika yote, asanteni sana. Jumamosi tunatoka saa 3, soksi za akiba mfukoni mwangu, na mama mkwe amesema atabaki na macho kwa watoto zamu ya kwanza. Hatutazunguka, tunakwenda moja kwa moja hadi kwenye gogo. Mdogo ameniuliza mara mbili kama bado lipo palepale.