Ruta ina vijiti vinne lakini simu ya video inaganda. Hizi namba nizisomeje?

MamaZawadi_Moro (Jumapili, saa 2:40 usiku)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa anayejua haya mambo.

Nakaa Bigwa, Morogoro, chini ya mlima kabisa. Natunza mahesabu ya maduka matatu nikiwa nyumbani, na mwenye maduka yuko Dodoma. Kila siku saa 1 jioni, akishafunga, tunapitia mauzo kwa simu ya video. Ruta yangu ni ya laini, 4G, maana faiba mtaani kwetu haijafika. Inaonyesha vijiti vinne kati ya vitano muda wote. Ila ikifika jioni uso wa bosi unaganda, sauti inakatakata, mpaka tunaishia kusomeana tarakimu kwa simu ya kawaida. Alfajiri mtandao unakwenda vizuri tu. Mwezi huu nimenunua bando mara mbili nikidhani nimepunguziwa kasi, kumbe bado lilikuwepo.

Leo nimeingia ukurasa wa ruta, 192.168.8.1, nikafungua taarifa za kifaa. Nimenakili kama zilivyo:

RSRP: -84 dBm
RSRQ: -15 dB
SINR: 1 dB
Bendi: 3
PCI: 212
IP ya WAN: inaanza na 100.71

Kijana wangu wa kidato cha pili anasema -84 ni mbaya kwa kuwa iko chini ya sifuri. Ni kweli? Na ipi kati ya hizi ndiyo inayoniharibia kazi?

fundi_antena (saa 3:05 usiku)
Dada, pole na hongera kwa kunakili namba zote. Wengi wanaandika "mtandao mbovu" basi, mtu hujui uanzie wapi.

Mwambie kijana hiyo hasi isimtishe. dBm inapimwa kwa kulinganisha na milliwati 1, na mawimbi yanayofika nyumbani ni madogo mno kuliko hapo, kwa hiyo namba itakuwa hasi siku zote. Cha kuangalia ni umbali kutoka sifuri. Ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Ukishuka 3, inabaki nusu. Hiyo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara wako, ikiwa -84 ni nzuri. Ingekuwa -110 au chini ya hapo, ningekuambia una shida ya mnara kuwa mbali.

Shida yako ni hiyo SINR. Inasema sauti ya mnara wako inazidi makelele kwa kiasi gani, na 1 dB maana yake inazidi kwa robo tu. Simama stendi ya Msamvu wapiga debe watatu wakuitie mabasi matatu kwa pamoja: sauti zote kali, masikio yako mazima, jina la basi lako hulipati. Vijiti vinahesabu ukali wa sauti. Havikuambii kama maneno yanasikika. Ndiyo maana vinne vinakaa pale pale na simu inaganda.

Jioni inazidi kwa sababu watu wamerudi nyumbani, minara yote inafanya kazi kwa nguvu, makelele yanapanda. Hiyo RSRQ ya -15, kipimo cha ubora wa mawimbi, inasema hivyo hivyo.

Ruta umeiweka wapi? Na nyumba ni ya bati?

MamaZawadi_Moro (saa 3:12 usiku)
Bati, ndiyo. Ruta iko juu ya kabati la sebuleni, karibu na dari. Niliipandisha huko nikiamini juu ndiko kunashika.

kijana_wa_mitandao (saa 3:30 usiku)
Mama, ungebadilisha laini tu, uchukue ya mtandao mwingine, usiumize kichwa.

fundi_antena (saa 3:41 usiku)
Mdogo wangu, laini mpya ni hela, na akiiweka juu ya kabati lile lile huenda akakutana na yale yale. Aanze na kisichomgharimu.

Dada, ishushe hiyo ruta. Karibu na bati mawimbi yanadundadunda na kuja kwako kutoka pande zote. Zunguka nayo madirishani, kila sehemu iache dakika mbili, kisha andika RSRP, SINR na PCI. PCI ni namba ya kutambulisha upande wa mnara uliokushika. Ikibadilika, ujue umehamia kwingine. Fanya saa ile ile ya jioni inayokusumbua, usipime asubuhi.

binti_kisosora (saa 4:02 usiku)
Kuhusu hiyo IP ya WAN ya 100.71, yaani anwani ambayo ruta yako imepewa na kampuni ya mtandao, usihangaike nayo, dada. Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa makampuni ya mtandao kuwagawia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Haigandishi simu yako. Utaihisi tu siku ukifunga kamera dukani ukataka kuiingilia moja kwa moja ukiwa nje, hapo itakugomea.

MamaZawadi_Moro (Jumatatu, saa 2:55 usiku)
Nimerudi na majibu. Nimezunguka na ruta na waya wa ekstensheni, kijana akiandika kwenye daftari.

Juu ya kabati: RSRP -84, SINR 1, PCI 212.
Dirisha la chumbani, linalotazama mlima: -97, SINR -2, PCI 212.
Dirisha la jikoni, linalotazama mjini, ruta juu ya kigoda: -91, SINR 12, PCI 87.

Vijiti jikoni vimeshuka hadi vitatu! Ningekuwa nafuata vijiti ningeirudisha kabatini. Nimempigia mdogo wangu Dodoma kwa video, tumeongea dakika 40, watoto wake wanapita nyuma nawaona vizuri, haijaganda hata mara moja.

fundi_antena (saa 3:10 usiku)
Umeona? Nguvu imepungua, usafi umepanda. 12 dB ni mara 16 hivi juu ya makelele. Ukuta wa jikoni umekukinga na ule mnara mwingine uliokuwa unakuchanganya. Iache hapo hapo, ila isogeze mbali na jiko na mvuke wa sufuria.

MamaZawadi_Moro (saa 3:18 usiku)
Jiko liko upande wa pili, dirishani ni sinki tu. Kesho natafuta fundi anipigilie kibao ukutani juu ya maji yanaporukia, na aniwekee soketi. Kigoda nakihitaji, nakunia nazi.