Mjadala: Timu isiyofungwa msimu mzima, mtoano itauweza?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wadau wa kikapu, habari za kazi. Naomba tulizungumze hili kwa hoja kabla halijawa ugomvi kamili, maana Jumamosi pale uwanjani lilishaanza.

Timu yetu haijafungwa tangu ligi ianze. Mechi ya mwisho kabla ya mtoano na timu za Lindi, kocha akawaweka benchi pointi gadi (mwongoza mashambulizi) na senta wake (mrefu wa chini ya kikapu) robo ya nne karibu yote, tukiwa mbele kwa pointi chache. Akazomewa. Tukashinda kwa mbinde. Baada ya hapo kijiwe kikagawanyika: wengine wanasema kocha anachezea shilingi chooni, wengine wanasema heri tungefungwa siku ile ile, kwa sababu timu isiyofungwa huingia mtoano imevimba kichwa. Mzee mmoja akafunga mjadala: "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Watu wote wakaitikia.

Mimi sikuitikia. Kushinda mfululizo hakujawahi kuiua timu. Kinachoiua ni ubovu ambao hakuna anayeuona kwa kuwa matokeo ni mazuri, pamoja na nguvu inayomalizwa kuulinda mfululizo wenyewe.

Rekodi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ni ya Los Angeles Lakers ya 1971-72, ushindi 33 mfululizo, mpaka Milwaukee walipowasimamisha Januari 9, 1972. Walipasuka? Walimaliza na ushindi 69, wakakutana na Milwaukee hao hao kwenye mtoano wakawatoa, kisha New York akala kipigo cha mechi 4-1 fainali. Miami Heat ya LeBron James ilishinda 27 mfululizo mwaka 2013, Chicago ikaukatisha mwezi Machi, na Juni kombe likaenda Miami. Sikatai kwamba ilikuwa nusura. Bila ule mtupo wa pointi tatu wa Ray Allen, zikiwa zimebaki sekunde tano mechi ya sita na San Antonio, leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Kinachonitisha mimi ni kisa cha Dallas Mavericks, 2006-07. Walishinda mechi 67 kati ya 82, na ndani yake kulikuwa na 17 mfululizo. Nani aliwakata? Golden State, timu iliyomaliza na ushindi 42 tu, ikiongozwa na Don Nelson, kocha aliyekaa Dallas miaka mingi na kumlea Dirk Nowitzki tangu anaingia NBA. Msimu ule Golden State waliwafunga Dallas mara zote tatu walizokutana. Dalili ilikuwa wazi, lakini mwenye ushindi 67 anahangaika na vipigo vitatu kwa lipi? Mtoano ukawakutanisha, wa kwanza na wa nane wa kanda ya Magharibi. Kocha Avery Johnson akababaika mechi ya kwanza tu, akakivunja kikosi kilichompa ushindi wote ule ili akimbizane na wachezaji wafupi wa Golden State. Wakatolewa 4-2. Nowitzki alikuja kukabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa msimu timu ikiwa imeshakwenda likizo.

Hiyo ndiyo sura ya ubovu uliofichwa. Sura ya nguvu iliyomalizwa ni Golden State wenyewe, 2015-16. Walianza na ushindi 24 bila kufungwa, wakafikisha 73, wakaipita Chicago ya Michael Jordan iliyokuwa na 72. Mechi ya mwisho ya msimu, nafasi ya kwanza wameshaikamata, bado Stephen Curry alikuwa uwanjani anatupia pointi 46 ili rekodi ipatikane. Raundi ya kwanza ya mtoano akaumia kifundo, halafu goti. Fainali wakaongoza 3-1 na wakalala 4-3 mbele ya Cleveland. Sisemi rekodi ndiyo iliyomtegua goti, kijana aliteleza tu. Nasema mwili uliokwishatumika kwa rekodi haurudishwi.

Kwa hiyo kwangu mimi kocha alikuwa sahihi. Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Mikindani

Mleta mada umeandika kama wakili, mkuu, lakini kubweteka kupo. Nenda mazoezini ukaone. Siku hizi vijana wanafika saa kumi na moja badala ya saa kumi, na wakifika ni picha kwanza. Kipigo kimoja kinarudisha adabu. Yanga walikaa mechi 49 za ligi bila kufungwa, Ihefu akawapiga 2-1 kule Mbarali Novemba 29, 2022. Msimu ule ule wakabeba ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kipigo kiliwaamsha.

Mdau wa Shangani

Kiliwaamsha kutoka usingizi gani? Msimu wa kabla yake walibeba ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Wamefungwa, mabingwa. Hawajafungwa, mabingwa. Halafu zile 49 zilikuwa na sare ndani yake, na kikapu hakina sare. Tusichanganye.

Ila na mleta mada nina neno naye. NBA na sisi wapi na wapi? Wale wanacheza mechi 82, leo Boston, keshokutwa Los Angeles. Sisi mechi ni moja kwa wiki, tena inayoahirishwa mvua ikinyesha kwa kuwa uwanja ni wa saruji na hauna paa. Mchezaji wetu hachoshwi na kikapu. Anachoshwa na kubeba magunia ya korosho mchana na kuja mazoezini jioni bila kula. Hoja ya kupumzisha nyota haina mguu huku kusini.

Mwalimu, Masasi

Nafundisha hisabati, mniwie radhi kidogo.

Tuchukue timu kali kweli ya NBA, yenye nafasi asilimia 75 ya kushinda kila raundi. Bingwa hupita raundi nne. Zidisha 0.75 mara nne kwa yenyewe, unapata kama asilimia 32. Yaani timu kali kuliko zote, bila jeraha, bila kiburi, bila mkosi, itakosa kombe mara mbili katika kila tatu. Ikikosa, watu watatafuta sababu, na sababu ya karibu kuikamata ni ule mfululizo kwa sababu kila mtu anaukumbuka. Timu iliyoshinda saba, ikafungwa moja, ikashinda sita, halafu ikatolewa, nani anaitungia methali?

Sasa njooni kwetu. Sisi hatuchezi mechi saba na mpinzani mmoja. Ni mechi moja, ukifungwa unafungasha. Timu yenu ikiwa na uwezo wa kushinda nane katika kila kumi, na mtoano una mechi tatu, nafasi ya kushinda zote ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, asilimia 51. Shilingi inarushwa tu. Na asilimia hiyo haiongezeki wala kupungua kwa kufungwa makusudi Jumamosi.

Mdau wa Mikindani

Mwalimu, wachezaji si namba. Wana vichwa.

Mwalimu, Masasi

Vichwa vipo. Lakini anayesema vinaharibika lazima aonyeshe kwamba timu zenye mfululizo hutolewa zaidi ya timu nyingine zenye uwezo kama wao. Kutaja chache zilizotolewa hakutoshi, maana mleta mada amekutajia mbili zilizobeba. Na mimi naongeza Milwaukee ya 1970-71 ya Oscar Robertson na Kareem Abdul-Jabbar, wakati huo akiitwa bado Lew Alcindor. Ushindi 20 mfululizo, na kombe.

Dada wa Ligula

Mnaongea wanaume tu kama kawaida, ngoja niwape ya wanawake, maana mfululizo mrefu kuliko yote mliyoitaja ni wa kina dada.

Chuo Kikuu cha Connecticut (ndiyo, kile kile alichotokea Hasheem Thabeet kabla Memphis ya NBA hawajamchagua wa pili kati ya wachezaji wapya mwaka 2009), timu ya wanawake ilishinda mechi 111 mfululizo. Mia moja na kumi na moja! Ikakatwa nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani, Machi 31, 2017, na Mississippi State, 66-64 muda wa nyongeza, mtupo wa Morgan William kengele ikilia. Mwaka mmoja kabla, kwenye mashindano hayo hayo, Connecticut walikuwa wamewafunga hao hao 98-38. Pointi sitini. Fikiria umefungwa hivyo, ukae mwaka mzima unaivuta sura ya aliyekufunga.

Hapo ndipo nawakosoa mleta mada na mwalimu kwa pamoja. Mnaangalia kichwa cha anayeshinda, hamwangalii anayefungwa. Timu isiyofungwa kila mtu anaiandalia fainali yake. Nimecheza, najua. Ukikutana na wa chini yako anacheza kawaida. Ukikutana na yule ambaye hajafungwa, hata mchezaji wa akiba anarukia ribaundi (mpira uliokosa kikapu) kama amelogwa.

Na lingine. Timu inayoongoza kila mechi haijui itafanya nini ikiwa nyuma kwa pointi nne, zimebaki dakika mbili. Mpira apewe nani? Faulo tufanye au tusifanye? Wenzao wameshayapitia hayo mara kumi.

Mdau wa Lindi

Hamjambo majirani. Nimesoma kimya kimya, nimefurahi kuona mnapanga matanga mapema.

Hoja ya kupumzisha ina tundu. San Antonio Spurs, 2012. Hakuna kocha aliyepumzisha watu kama Gregg Popovich. Mwezi Machi mwaka ule Tim Duncan aliachwa nje, na kwenye karatasi rasmi ya mechi sababu ikaandikwa kwamba amezeeka. Wakafunga msimu kwa ushindi 10 mfululizo, wakaongeza 10 za mtoano, jumla 20. Wakaongoza Oklahoma City 2-0 fainali ya kanda ya Magharibi, hatua ya kabla ya fainali kuu. Wakafungwa nne zilizofuata. Wamepumzika, wako moto, na wametoka. Haya, nani alaumiwe?

Mleta mada

Mdau wa Lindi, utani weka pembeni, hiyo ni hoja nzito. Lakini kamilisha hadithi. Spurs hao hao, Popovich huyo huyo, 2013-14: ushindi 19 mfululizo kuanzia Februari hadi mwanzo wa Aprili, na msimu mzima hakuna mchezaji wao aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Dakika zile zilienda kwa nani? Kwa watu wa benchi. Juni, Miami akakandikwa 4-1. Naona zile dakika ziliwajenga waliozipata kuliko walivyofaidi waliopumzika.

Na hapo namjibu wa Shangani pia. Kweli, vijana wetu hawachoshwi na ratiba. Basi tuliache neno kupumzisha. Kocha asiyefungwa ana nafasi ambayo kocha anayehangaika hana: anaweza kumjaribu kijana wa akiba robo ya nne, mechi ikiwa bado inauma, zomeazomea ikiwa imepamba moto. Dada wa Ligula anasema hatujui kucheza tukiwa nyuma. Ni kweli, na dawa yake haiwezi kuwa kufungwa kwa makusudi. Ni kuwaweka vijana katika shida tukiwa bado tuna uwezo wa kutoka. Jumamosi pointi tisa zilibaki mbili. Wale wa akiba walitetemeka, wakapoteza mipira, halafu wakatulia wakamaliza. Hiyo mechi ina thamani kuliko zile tulizoshinda kwa pointi thelathini.

Mwalimu, umenigusa kwenye mechi moja ya kufa na kupona. Lakers ya 2001 ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant ilipita mechi 11 za mtoano bila kufungwa, Allen Iverson akawatupia 48 mechi ya kwanza ya fainali, Philadelphia ikashinda. Lakers wakaamka, wakashinda nne zilizofuata. Sisi tukikutana na Iverson wetu hatuna mechi ya pili ya kujirekebisha. Ndiyo maana ubovu wetu tuutafute sasa.

Mdau wa Mikindani

Bado nasema wanachelewa mazoezini.

Mdau wa Shangani

Hilo la kuchelewa hata mwaka jana, tukifungwa kila wiki, lilikuwepo.

Dada wa Ligula

Jamani, kabla hamjampa kocha uprofesa. Jumamosi nilikuwa meza ya waamuzi, ndiye niliyekuwa naandika faulo. Senta wenu alikuwa na nne tangu robo ya tatu. Angefanya moja tu, nje. Kocha hakuwa na falsafa yoyote pale, alikuwa anamficha.

Mleta mada

Haya, hilo linamweleza senta. Pointi gadi je?

Halafu nikuulize, dada: mechi ya kabla ya hapo alimaliza na ngapi?

Dada wa Ligula

Nne. Na ile nyingine alitolewa kabisa, ila mlikuwa mnaongoza kwa ishirini na kitu, hakuna aliyegeuza shingo. Anamfuata mtu mikono ikiwa chini, akipigiwa danganya toto moja anaruka.

Mleta mada

Basi huo ndio ubovu ninaousema tangu juu. Mechi tatu mfululizo, na kijiweni hakuna aliyeutaja hata mara moja. Kocha awe na falsafa au asiwe nayo, wiki hii afanye kazi na miguu ya yule kijana, na yule wa akiba apewe nusu nzima ya mazoezi na kikosi cha kwanza.

Mdau wa Lindi

Miguu yake muirekebishe taratibu, msimchoshe. Nimeshamtumia kocha wetu ujumbe: kila shambulio, mpira kwa huyo huyo.