Board, boarder, border: mzizi ni mmoja?

Mwalimu_Kondele: Hamjambo wanajukwaa. Kidato cha pili hapa Kisumu wanauliza vipi "board" iwe ubao, kikao cha wakurugenzi, chakula na tena kupanda meli. Kwenye insha nako, boarder na border wanazichanganya kila mara. Nianzie wapi?

Nakuru_Lanet: Anzia ubao, mwalimu. Kiingereza cha kale kilikuwa na bord, yaani ubao uliopasuliwa. Ubao huo ukiinuliwa kwa miguu ni meza, na meza ikazaa maana mbili. Ya kwanza ni chakula kinachoandaliwa juu yake, ndiyo maana "bed and board" ni malazi na chakula, na boarder ni anayelipia vyote viwili. Ya pili ni wanaoizunguka wakishauriana: bodi ya shule.

Bord ilikuwa pia ubavu wa chombo. Aliyeuvuka yuko "on board". Starboard ni upande wa kulia kwa kuwa kasia la usukani lilifungwa huko. Wa kushoto uliitwa larboard. Hapo palikuwa na hatari ya kweli, maana kwenye upepo mkali maneno hayo mawili husikika karibu sawa na nahodha hupelekwa siko. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza liliamuru "port" litumike badala ya larboard.

Mpakani_Busia: Border, yaani mpaka, ilipitia Ufaransa: bordure, pindo au ukingo. Asili yake ni ya Kigermanik (jamii ya lugha yenye Kiingereza na Kijerumani), kama ile ya board, ila wapo wataalamu wanaotenga bord ya ubao na bord ya ukingo, kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba ni neno moja tu. La kuwasaidia kwenye insha ni hili: waondoe -er. Boarder inabaki board, kitenzi kamili, kama teacher na teach. Border inabaki "bord", si kitu. -Er yake ni masalia ya -ure, haionyeshi mtendaji. Boda boda nayo imetoka kwenye border hiyo, enzi za baiskeli za kuvusha abiria hapa Busia na kule Malaba.

Nakuru_Lanet: Na watahadhari na "bodi". Bodi ya gari ni body, haihusiani na ubao. Kabati ndiyo ya ukoo huu: cupboard, hapo mwanzo ubao wazi wa kupangia vikombe. Milango ilikuja baadaye. Wenyewe hawaitamki ile p, ndiyo maana hata sisi hatuna.