Anayehama na kumwacha mbwa nje ya geti: hilo, au bora sindano?

Jirani wa Goba (mleta mada)
Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Jirani yangu amehama. Kochi, jokofu, hadi ndoo za maua vimepakiwa kwenye Fuso vikaondoka. Mbwa amebaki. Hakukabidhiwa mtu, geti limepigwa kufuli na yeye yuko nje yake. Kila gari likikata kona anainuka. Nilimpigia jirani simu, akasema anakokwenda ni nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa, halafu akamalizia, "mbwa hakosi pa kula."

Naomba hoja. Mtu akishindwa kabisa kufuga, kipi ni haki kwa mnyama: kumwacha ajitafutie mtaani, au kumwita daktari wa mifugo amchome sindano afe bila mateso? Mimi nasema sindano. Nyumbani kwangu wananiita muuaji.

Mama Kulwa
Na wanastahili kukuita hivyo. Mbwa mzima, hana ugonjwa, anauawa kwa sababu baba mwenye nyumba kakataa? Wewe una geti, una uwanja, unamwona kila asubuhi. Mbona hujamfungulia?

Jirani wa Goba
Mama, nina mbwa wawili tayari na mmoja anang'ata kila mgeni. Nimeuliza swali la haki, sijaomba kukabidhiwa mbwa.

Dereva wa Usiku
Mnakuza mambo. Sisi tumekua tukiona paka akizaa, watoto wanatiwa kwenye salfeti, wanapelekwa sokoni. Ukiwaacha karibu wanarudi, kwa hiyo unavuka nao barabara kubwa mbili tatu. Mimi huwa nawashusha Buguruni. Pale kuna panya, kuna vichwa vya samaki, kuna mabucha. Watakosa nini?

Nuru wa Pangani
Watakosa mama yao. Mtoto wa paka ambaye hajaachishwa kunyonya hali kichwa cha samaki, na panya wa soko ni mkubwa kuliko yeye. Ndugu yangu, wewe unaondoka usiku na gari lako, huwaoni asubuhi. Mimi nimeuza samaki sokoni miaka mingi. Nimeona paka waliomwagiwa maji ya moto kwa kudokoa, nimeona waliokanyagwa na mikokoteni kabla hata macho hayajafunguka vizuri. Wewe hukuwapa riziki pale. Umewapeleka wakafe mahali ambapo hutawaona.

Na usiniambie ni mila. Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula na bila kumwacha ajitafutie, tumeisoma sote madrasa. Imo kwenye Bukhari.

Dereva wa Usiku
Bibi Nuru, umeisema mwenyewe: alimfungia. Mimi siwafungii, nawaacha huru wajitafutie.

Nuru wa Pangani
Kiumbe asiyeweza hata kusimama atajitafutia nini?

Kisima Mbezi
Tatizo ni tabia za uswahilini. Mtu hana uhakika wa mlo wake lakini ana paka watano na mbwa koko mlangoni. Asiye na uwezo asifuge, mjadala umeisha.

Mtoto wa Tandika
Haujaisha, ndio kwanza unaanza. Wewe Kisima soma mada tena. Aliyehama ni wa Goba, mwenye geti na jokofu! Tandika nani ana Fuso la kuhamishia ndoo za maua?

Huku kwetu paka hana mwenyewe mmoja. Asubuhi anakula dagaa kwa mama ntilie, mchana yuko dukani kwa Mpemba analinda mchele, usiku analala kwetu. Mpangaji akihama, paka hajui hata kama kuna mtu kahama. Ninyi ndio mnanunua mbwa wa mbegu kwa mikopo, mnampiga picha akiwa mdogo, akikua na kuanza kula sufuria nzima mnamwambia mlinzi "mtafutie mtu." Mlinzi anampeleka wapi? Anamleta huku!

Kisima Mbezi
Umekasirika kwa sababu nimesema ukweli. Hao paka wenu wa mtaa mzima nani anawachanja? Mali ya wote haina wa kuihudumia.

Mtoto wa Tandika
Na mbwa wako umemchanja lini mara ya mwisho? Jibu hapa, watu wasome.

Kisima Mbezi
Kadi anayo mke wangu.

Mama Kulwa
Jamani, mbwa wa watu yuko barabarani na ninyi mnapigania mitaa. Mleta mada, amekula leo?

Daktari wa Moro
Nimesomea mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na nafanya kazi hii, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Sindano ya kumlaza mnyama ikifanywa na mtaalamu haina mateso: anapoteza fahamu kwanza, kisha moyo unasimama. Kwa mbwa aliyevunjika uti au mwenye saratani iliyoenea, nitaifanya bila kusita. Mbwa mzima ambaye mwenyewe anahama, nitakataa kwanza na kumwomba anipe muda nimtafutie mtu. Nikishindwa kabisa, nakubaliana na mleta mada. Kumtelekeza ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Ubaya haumpati mbwa peke yake. Mbwa mwenye mwenyewe akimng'ata mtoto, tunamfungia na kumwangalia siku 10. Akibaki mzima, tunajua siku ile mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyetelekezwa aking'ata anatokomea, hakuna wa kumwangalia. Mtoto lazima aanzishiwe sindano zote, na kuna familia zinashindwa kuzimaliza. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Babu Mkwepu
Daktari umenikumbusha. Zile sindano 21 za kitovuni, mdogo wangu alichomwa, alilia hadi sauti ikakauka. Ndiyo maana mimi nasema halmashauri wapige risasi mbwa wote wasio na mkanda. Zamani walifanya hivyo na mitaa ilitulia.

Daktari wa Moro
Shikamoo mzee. Sindano za tumboni zimeshaachwa. Siku hizi ni za mkononi, nne au tano kulingana na ratiba. Ila kabla ya yote kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali.

Risasi haimalizi kichaa, mzee wangu. Ukiua mbwa wa mtaa huu, nafasi na chakula walichoacha vinavuta wengine ambao hawajachanjwa. Kinachokata kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, tena mwaka hadi mwaka. Pemba walikimaliza kwa chanjo.

Babu Mkwepu
Marahaba. Lakini aliyeng'atwa ni mdogo wangu, si asilimia.

Kisima Mbezi
Si kuna sheria ya mwaka 2010? Wafungwe wachache, wengine watajifunza.

Daktari wa Moro
Ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008. Inamtaka mwenye mnyama amlishe na kumtunza, na inakataza ukatili.

Mtoto wa Tandika
Na atakayefungwa kwanza ni nani? Mama aliyeacha paka sokoni Temeke, au bosi aliyehama na kuacha mbwa Goba? Tunajua sote.

Nuru wa Pangani
Mtoto wa Tandika ana haki hapo. Ila mwanangu, usitumie umaskini kumtetea Dereva. Mwenye gari si maskini wa kushindwa kuuliza daktari.

Dereva wa Usiku
Gari ni la tajiri, Bibi Nuru, mimi napeleka hesabu. Na nikimuuliza daktari ataniambia nimhasi. Kumkata kiumbe wa Mungu uzazi wake, hilo ndilo kosa kubwa zaidi.

Daktari wa Moro
Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Mimba inachukua wiki tisa tu, na anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha. Upasuaji mmoja, akiwa amelala, na zile safari zako za salfeti zinakoma. Kaka, unaona uzito kumfunga kizazi mama, lakini huoni uzito kuwatupa watoto wake kila akizaa?

Dereva wa Usiku
Mungu ndiye anayejua nani ataishi.

Mama Kulwa
Hao hawakutupwa na Mungu, walitupwa na wewe. Mleta mada, nimekuuliza kama mbwa amekula.

Jirani wa Goba
Amekula ugali na mifupa, mlinzi wa nyumba ya pili alimpa. Jirani hapokei simu tena. Msimamo wangu uko palepale: angemwita daktari kabla ya kupakia Fuso, leo mbwa huyu asingekuwa anakimbilia kila gari. Mke wangu anasema kama Daktari angeomba muda wa kumtafutia mtu, basi nami nimpe mbwa muda huo huo.

Kisima Mbezi
Ni mbegu gani? Kama ni German Shepherd, mimi naweza kuja kumwangalia.

Mtoto wa Tandika
Na kama ni koko?

Mama Kulwa
Jibu, Kisima.