Hijabu kwenye ndondo (soka la mtaani): naomba ushauri wa mshono na wa kuongea na waamuzi

Habari wakuu. Timu ya mabinti Temeke, nusu yao wanavaa hijabu, na kwenye ndondo kuna waamuzi bado wanawatoa nje. Sheria ya 4 ya soka, ile ya vifaa vya wachezaji, inaruhusu tangu 2014: kitambaa kiwe cheusi au rangi ya jezi, wote wavae rangi moja, kisiunganishwe na jezi, kisiwe na kifungio cha hatari shingoni wala ncha inayochomoza. Pini ndiyo kosa kubwa, mpira wa kichwa mmoja tu inamchoma mtu. Binti asinyimwe mpira kwa sababu ya stara yake, jamani.

Kariakoo niulizie kitambaa gani kinachovutika, kisichobana joto wala kuteleza? Lastiki ya usoni iwe upana gani? Na mwamuzi akikataa, nianzie kwake au kwa kamishna wa mechi?