Naomba ushauri: mdogo wangu kavunjika muundi, atolewe antena awekewe chuma cha ndani?

Habari za muda huu wakuu. Mdogo wangu anaendesha boda, aligongwa na Noah akavunjika mguu wa kulia chini ya goti, mifupa yote miwili, na ule mkubwa ulitoboa ngozi ukatoka nje kabisa. Hospitali walimpeleka theatre wakasafisha kidonda wakamfunga antena, zile nondo za nje zinazoingia kwenye mfupa. Sasa kidonda kimekauka ila kwenye tundu moja la juu, karibu na goti, bado panatoa majimaji ya njano, na daktari anasema akishajiridhisha hamna usaha atatoa antena aweke chuma kirefu ndani ya mfupa, kinapitishiwa juu kwenye goti kinafungwa na skrubu juu na chini, eti ndo ataanza kukanyagia mapema.

Mama hataki kusikia, anataka tumpeleke kwa fundi wa mifupa kijijini akafungwe mianzi. Kwa kidonda kile mimi naona ni kutafuta kukatwa mguu.

Waliowekewa hiki chuma baada ya antena, vipi maumivu ya goti, mnapiga magoti kuswali bila shida? Kuna aliyepata usaha ndani, na kilibidi kitolewe? Halafu dogo anavuta sigara, daktari kamwambia zinachelewesha mfupa kuunga, hasikii. Mliacha vipi jamani?